Mtu mwenye mabega ya punda: kuchora binadamu na wanyama kwa vifaa mchanganyiko

Mkaa na Kanga, Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu. Kazi zangu zimeegemea mkondo wa ekspreshonizimu, ambamo umbo na rangi hupotoshwa kwa makusudi ili hisia itangulie sura. Ninachora binadamu na wanyama katika mwili mmoja au karibu mmoja: mwanamke mwenye shingo ya yangeyange, mtoto aliyelala ubavuni mwa mbuzi mkubwa kuliko kitanda, mbebaji wa mizigo ambaye mabega yake yanageuka kuwa ya punda. Juu ya rangi ya akriliki naongeza mkaa, vipande vya kanga, gazeti, usumba wa nazi na mchanga wa pwani.

Wageni wanaopita hapa mjini huuliza kwa nini sichori kwa mtindo wa tingatinga, na majirani huuliza kama hayo ni mashetani. Ningependa kujua nifanyeje ili mnyama asomeke kama hali ya yule mtu, asionekane pambo wala kitisho. Pia naomba ushauri wa ufundi, kwa sababu ikifika masika mchanga hutoa unyevu, gazeti limegeuka njano, na mkaa unafutika ukiguswa.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Swali la wageni lisikuudhi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi, na ingawa alifariki mwaka 1972, wanyama wake wenye mstari safi ndio walioifundisha dunia itarajie nini kutoka kwa mchoraji wa Tanzania. Mnyama wake ni mzima na anajitegemea. Wako amemwingilia mtu, na hiyo ni kazi nyingine.

Majirani nao hawajakosea sana. Wachongaji wa Kimakonde waliwachonga mashetani kwenye mpingo kabla mimi sijashika brashi, kisha George Lilanga, aliyeishi kati ya 1934 na 2005, akawahamishia kwenye rangi, wakiwa na masikio makubwa na shughuli kama zetu. Lakini mashetani wa Lilanga wana jamii yao wenyewe na wanaonekana kuifurahia. Mbebaji wako ni binadamu aliyepatwa na jambo, na mtazamaji anapaswa kulihisi jambo hilo kabla hajauliza punda ametoka wapi.

Hapa ndipo naona udhaifu wa maelezo yako: umetaja wanyama watatu bila kusema kila mmoja anafanya nini. Mchoraji wa Kijerumani Franz Marc, aliyeanzisha kundi la wasanii la Der Blaue Reiter pamoja na mchoraji Kandinsky mjini Munich mwaka 1911, alimtafuta mnyama kwa sababu alimwona ni safi kuliko mtu. Farasi wake ni wa buluu kwa kuwa rangi hiyo aliipa maana ya kiroho, njano akaipa upole na furaha, nyekundu akaipa uzito wa vitu vya dunia. Aliuawa vitani Verdun, Ufaransa, mwaka 1916 akiwa na miaka 36. Kinyume chake kabisa, mchongaji Jane Alexander wa Afrika Kusini alitengeneza kati ya 1985 na 1986 watu watatu wa ukubwa wa kawaida walioketi kwenye benchi, wenye pembe na wasio na midomo, kwa plasta, mifupa na pembe halisi. Mnyama wa Alexander hana usafi wowote. Ni kile ambacho utawala wa ubaguzi ulimfanya mtu awe.

Kwa hiyo mabega ya punda ni sifa ya uvumilivu, au ni jeraha alilotiwa na mtu mwingine? Wewe uko Bagamoyo, mahali ambapo katika karne ya 19 misafara kutoka bara ilimalizia safari, na wapagazi waliingia mjini wakiwa na meno ya tembo begani. Mtu alibeba sehemu ya mnyama aliyekufa, na yeye mwenyewe akahesabiwa kama mnyama wa mizigo. Ukilishika hilo, hutahitaji kumchora punda mzima. Bega lililoshuka na shingo iliyosogea mbele vitatosha. Mtoto na mbuzi ningewaacha kama walivyo. Mwanamke wa yangeyange sijamwelewa, na nashuku hata wewe bado.

Fundi Fremu, Ngamiani

Mimi nitajibu upande wa ufundi tu. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana kazi yako inatoka jasho wakati wa masika. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, ubadilishe maji mara kadhaa, uanike hadi ukauke kabisa, ndipo uuchanganye na akriliki yenyewe badala ya kuunyunyiza juu ya gundi. Kama unapata mchanga wa mto, tumia huo. Gazeti ni karatasi ya massa ya mbao yenye lignini, kemikali ya asili ya mbao, ambayo hugeuka njano kwa mwanga na hewa hata ukiipaka vanishi. Kama unahitaji maandishi yake, yatolee nakala kwenye karatasi bora isiyo na asidi. Mkaa upulizie dawa ya kuushikisha kabla ya kuweka tabaka lolote la majimaji. Kanga ifue kwanza, wanga na rangi inayochuja vitoke. Na ukitaka kuongeza rangi ya mafuta, ikae juu ya akriliki, kamwe isiwe chini yake.

Usidhani matatizo haya ni ya wachoraji wa pwani peke yao. Mchoraji wa Norwe Edvard Munch alichora "Mayowe" ya mwaka 1893 kwa rangi ya mafuta, tempera (rangi ya kuchanganywa na yai au gundi) na pasteli (chaki za rangi) juu ya kadibodi, kwa hiyo kuchanganya vifaa kuliutangulia hata mkondo wenyewe wa ekspreshonizimu. Toleo lake jingine, la karibu mwaka 1910, lina rangi ya njano ya kadimiamu inayopauka na kubanduka, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mhalifu mkuu ni unyevu kuliko mwanga. Kama unyevu umeisumbua kazi iliyo ndani ya jumba la makumbusho huko Oslo, basi turubai inayoning'inia karibu na bahari ya Hindi inahitaji uangalifu zaidi. Iache ipate nafasi ya hewa kati yake na ukuta, na kama utaweka kioo, kisiguse uso wa mchoro.

Bi. Mkubwa wa Kanga

Naomba nitofautiane kidogo na Fundi: kabla ya kuuliza kitu kitashikaje, tuulize kimeingia humo kwa ruhusa ya nani. Msanii Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amewahi kubandika vipande vya majarida juu ya michoro ya vitabu vya utabibu na kupata miili ya wanawake iliyo nusu kiumbe kingine, na karatasi hizo zenyewe ni sehemu ya shutuma, kwa kuwa ndizo zilizozoea kuukagua na kuuhukumu mwili wa mwanamke. Mchoraji Michael Armitage naye huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, na matundu na mishono yake humlazimisha abadili mpango wa picha. Sasa, mdogo wangu, usumba unafanya nini kwenye picha zako? Ukiwa ni nywele za mbuzi tu, mkaa ungetosha. Kanga ndiyo iangalie zaidi, maana hapa kwetu hakuna atakayeona maandishi yake akaacha kuyasoma, na neno lililokatwa ovyo litamzungumzia mbebaji wako maneno ambayo hukuyakusudia.

Mkaa na Kanga, Bagamoyo

Nawashukuru sana. Mwalimu, mwanamke wa yangeyange nitamweka kando kwanza. Mbebaji nitamrudia bila masikio ya punda. Mkaa utabaki mabegani, gazeti litaondoka, na kanga itakuwa kipande kimoja tu, ile kata ya kitambaa aliyoweka chini ya mzigo, ikiwa na maandishi yake yote. Fundi, kwa mchanga na kanga pamoja, turubai itahimili uzito au nitumie plaiwudi?

Fundi Fremu, Ngamiani

Plaiwudi ni bora, kwa sababu turubai italegea na mchanga utapasuka. Ipake rangi ya kuizibia mbele, nyuma na kwenye kingo zote kabla ya kuanza kuchora, maana ukiupaka upande mmoja tu itapinda.