Jumapili moja, baiskeli mbili: Capri Point, Isamilo, Bujora au Luchelele?

GiaTatu
Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu anakuja kutoka Dodoma wiki ijayo, baiskeli yake imo kwenye buti la basi. Yangu ni ya mtumba, ina gia 18 kwa jina, zinazoingia ni tatu. Tunakaa Mkolani. Tuna Jumapili moja tu, na dogo anataka apande mahali alione ziwa kwa juu. Kaniuliza "mlima upi?" nikakosa jibu, maana Mwanza kila mtaa una mlima wake na kila mtu anausifia wa kwao.

Nimefikiria Capri Point, Isamilo, Bujora na Luchelele. Tafadhali msiniambie "zote nzuri". Nataka aliyepanda kwa miguu yake.

MtuWaMabatini
Isamilo, mkuu, wala usihangaike. Capri Point unapanda kwa lami katikati ya mageti ya watu wenye nafasi, ukifika juu umeona ziwa na kuta. Isamilo unauona mji wenyewe: Mto Mirongo unavyokatiza, mabati yaliyobebana juu ya mawe hadi unajiuliza nyumba ipi imeshika ipi, halafu ziwa kule mwisho.

Ila baiskeli iache chini. Barabara za mawe zinakufikisha nusu, baada ya hapo ni ngazi na vichochoro vinavyopita kwenye nyua za watu. Piga hodi, salimia. Mara nyingi mama akiwakuta mnapita anawaonyesha na njia ya mkato. Mara ya mwisho nilitaka kukaa kwenye jiwe moja bapa, kumbe limeanikwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nilifukuzwa na mtoto wa miaka sita, na alikuwa na haki.

FundiSpoki
Mnazungumzia kupanda. Kupanda hakujamuua mtu, utashuka usukume. Shida ni kuteremka.

Mimi nilishuka kutoka Bugando na baiskeli ya kuazima huku nimebana breki mwanzo mwisho. Katikati nikasikia harufu ya raba inayoungua, kisha breki ya nyuma ikawa kama haipo. Nilijisimamisha kwa soli ya kiatu, na kiatu hicho mpaka leo kina kisigino kimoja. Bana, achia, bana, achia. Na kabla ya Jumapili nenda kwa fundi akubadilishie raba za breki zote nne na aangalie waya. Gia tatu zinatosha kabisa. Breki moja haitoshi.

Halafu dogo wa Dodoma asitishwe na neno mlima. Ziwa lenyewe liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma ni karibu hapo hapo. Pumzi anayo. Vilima vyetu ni vifupi, vikali tu.

MwanaKisesa
Nashangaa Bujora haijatetewa. Kwa mtu wa Mkolani ndiyo safari ya baiskeli hasa: huna haja ya kuingia mjini kubanana na daladala. Shika barabara ya Usagara, kisha mchepuko wa Usagara–Kisesa, unatokea kwenye barabara ya Musoma. Unapita mashamba, ng'ombe, hewa.

Pale kuna makumbusho ya Wasukuma, ngoma za watemi, nyumba za msonge, na nyuma yake majabali ya kukwea. Ziwa unaliona kwa mbali, sidanganyi. Unachokiona vizuri ni nchi: kilima cha mawe juu, chini yake mchanga, halafu mbuga nyeusi. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila daraja la udongo, luguru kwa mawe huko juu, luseni kwa mchanga, na ukisimama kwenye jabali unayasoma yote kama ngazi.

Onyo moja: mvua za vuli zikianza, usithubutu njia ya mkato ya mbugani. Ule udongo mweusi unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Nimewahi kubeba baiskeli begani robo saa huku wachungaji wakinipigia makofi.

GiaTatu
@MwanaKisesa asante. Wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, vipi, panapandika?

MwanaKisesa
Bulabo ni Juni, umeshachelewa. Na hapo hutapanda jiwe, utashindwa kutoka uwanjani Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, wakianza kushindana.

DadaMalimbe
Kaka, wewe uko Mkolani na unataka kwenda Kisesa wakati Luchelele iko jirani? Sisi huku tunatoka asubuhi, tunaacha baiskeli kwa mama ntilie (lipa chai na chapati kwanza, ulinzi unakuja bure), tunapanda mawe kwa miguu nusu saa. Juu unaona ghuba, visiwa vidogo na mitumbwi ikirudi. Hakuna geti, hakuna kelele.

Nendeni saa 12 na nusu asubuhi. Jua linatokea nyuma yenu, maji yote yanawaka mbele. Saa nne jiwe limeshakuwa kikaango. Mjusi yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ndiye saa yetu: akitoka kupiga pushapu juani, mna kama saa moja ya kukaa vizuri. Pimbi nao wamejaa, msiwatupie chakula.

Mengine ni ya kawaida. Raba zenye meno, si yeboyebo. Jiwe likilowa linateleza kama sabuni. Mkishuka na joto, msijitupe ziwani kwenye matete, kichocho hakimtambui mgeni. Na mimi mwanamke siendi peke yangu, hilo naliandika kwa dada zangu wanaosoma kimya kimya.

MtuWaMabatini
Luchelele mnaona maji. Maji hata Igogo yapo.

DadaMalimbe
Na wewe si ndiye uliyefukuzwa na mtoto?

MzeeKivuko
Vijana, hamjambo. Nimesoma yote. Mnabishana mpande wapi Mwanza ili muione Mwanza. Ukiwa juu ya Capri Point, kitu kimoja usichokiona ni Capri Point.

Vuka na kivuko uende Kamanga, baiskeli inapanda bila shida. Ni kama nusu saa majini, mnapita karibu na jiwe la Bismarck, lile maarufu lililosimama majini, na mji unafunguka nyuma yenu kilima kwa kilima: Capri Point, Bugando, Isamilo, hadi Kirumba. Ng'ambo ile tafuteni mwinuko wowote, hata mdogo. Alasiri jua linakuwa mgongoni kwenu na linapiga mawe ya mjini moja kwa moja, yanakuwa rangi ya mkate uliotoka tanuri. Asubuhi msiende, jua litakuwa machoni na mji wote kivuli.

Mzungu Speke alipofika huku Agosti 1858 aliliona ziwa akiwa kilimani akaridhika. Yeye hakuwa na kivuko.

FundiSpoki
Shikamoo mzee. Ila vuli hii alasiri ndiyo saa ya radi. Juu ya jiwe tupu, na baiskeli ya chuma?

MzeeKivuko
Marahaba. Ndiyo maana nikasema mwinuko mdogo. Wingu likijenga Sengerema, unashuka, unakunywa soda. Mvua yenyewe inaosha vumbi. Kesho yake unaona mbali mara mbili.

GiaTatu
Wakuu, mrejesho. Tulipanga Bujora, Jumamosi usiku ikanyesha, tukaikumbuka mbuga ya @MwanaKisesa tukaghairi. Asubuhi tukaenda Luchelele. Kweli kabisa: hewa ilikuwa imeoshwa, tuliona visiwa ambavyo sijawahi kuviona na nimekaa hapa miaka saba. Dogo alikaa kwenye jiwe bila kuongea, na yeye huongea. Mjusi alitoka saa mbili na dakika kumi, saa tatu tukawa tunashuka.

Mchana tukaendesha hadi mjini, tukavuka Kamanga. Wingu lilijenga, mzee. Tulipata dakika ishirini za rangi ya mkate kabla ya kukimbilia kibandani, tukala sato wakati bati linapigwa na mvua. Kwangu hizo dakika ishirini zilizidi asubuhi nzima, dogo anakataa. Isamilo amesema atarudi kwa ajili yake Desemba.

FundiSpoki
Raba za breki ulibadilisha?

GiaTatu
Za mbele.