Bustani ya mtaa Ngamiani imezungushiwa mabati, nani aliulizwa?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kibustani chetu huku Ngamiani, Tanga, kimezungushiwa mabati. Mkutano wa mtaa haukuitishwa, tangazo halikubandikwa. Ukiuliza unajibiwa, "Mwekezaji kapatikana, patapendeza." Patapendeza kwa nani, kama kuingia ni kwa kiingilio?

Msiniambie ni miti michache tu. Chini ya miarobaini ile ndiko akina mama walikokaa kupanga namna ya kulalamikia dampo linalochomwa moto usiku, watoto wakikohoa mpaka asubuhi. Ndiko vijana walikogawana zamu za kuzibua mtaro unaotuletea maji machafu ndani kila masika. Sisi hatuna ukumbi wa hoteli wa kufanyia semina za mazingira. Pale palikuwa bure, na mpita njia alisimama, akasikia, akachangia. Ukishapafunga pale, umetufunga midomo.

Na mji huu tangu zamani haukugawiwa kwa haki. Wakoloni walijipangia upande wa bahari, viwanja vipana, miti na upepo. Mwafrika akapewa Ngamiani, nyumba zimebanana kwenye barabara za namba. Toka Raskazone, kule upande wa bahari, mchana wa Februari uje huku uone joto lilivyo. Sasa hata kivuli kidogo tulichobaki nacho kinapewa mtu!

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na raia haki ya kuyafikia maeneo ya umma kwa mapumziko, elimu, afya na hata ibada. Kifungu cha 5 kinaruhusu kwenda mahakamani kuitetea.

Wenzetu Nairobi mwaka 1989 nusura wajengewe jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani yao ya umma, Uhuru Park. Mwanamazingira Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadi bungeni, hakurudi nyuma. Jengo halikujengwa, na bustani ipo mpaka leo.

Nataka majibu: muhtasari wa kikao kilichopitisha jambo hili uko wapi? Matumizi ya eneo yalibadilishwa lini? Mwenye ramani ya mipango miji ya huku aiweke hapa. Wanasheria mliomo humu, tuanzie NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, au twende moja kwa moja mahakamani? Jumamosi baada ya alasiri tunakutana hapo hapo, nje ya mabati.