Tupeane uzoefu: Unajilinda vipi mpinzani anapokufungulia kwa gambiti?

Mwanzisha mada, Mikindani
Ndugu zangu wa Kusini mnaopenda sataranji, salaam. Vijana wengi ninaocheza nao barazani hucheza gambiti, yaani hutoa askari waliwe mapema ili wapate kumshambulia mfalme kabla hajahama katikati ya ubao, na ningependa kila mmoja aeleze jinsi anavyowakabili bila papara.

Mimi hukutana zaidi na gambiti ya Denmark, ambayo mweupe (mwenye kete nyeupe) huacha askari wake wa d4, c3 na b2 waliwe (herufi na namba hutaja viraba vya ubao), kisha maaskofu wake wawili wakaukodolea macho upande wa mfalme wangu. Ninawala wote, lakini siwang'ang'anii. Papo hapo ninasukuma askari wangu hadi d5. Askofu wake akimla, ninatoa farasi f6. Hapo wengi hufurahi, wakala f7 kwa askofu huku wakimtishia mfalme wangu, nami nikimla huyo askofu kwa mfalme, wao humla malkia wangu pale d8. Ninachofanya ni kumpeleka askofu wangu b4: anamtishia mfalme wao na wakati huohuo anaifungulia ngome yangu ya h8 njia ya kumla malkia wao. Vumbi likitulia, kila upande una askari watano, na shambulio limekwisha.

Mchangiaji, Masasi
Kwangu tatizo ni farasi wa mweupe pale g5 anayesaidiana na askofu wa c4 kuilenga f7. Ninajibu kwa d5, na mweupe akimla askari huyo kwa askari wake, mimi simli aliyemla kwa farasi wangu. Ninampeleka farasi wa c6 hadi a5 ili amfukuze askofu. Mweupe abaki na askari wake wa ziada, kwa kuwa kete zangu zitatoka upesi kuliko zake.

Mchangiaji, Lindi mjini
Shikamoo mzee wa Mikindani. Naunga mkono suala la kutong'ang'ania askari uliopewa, bali kuwarudisha. Dhidi ya gambiti ya Evans, iliyobuniwa na nahodha wa meli kutoka Wales katika karne ya 19, ninafuata njia ya Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921: baada ya askofu wangu kumla askari wa b4 na kurudi a5, ninacheza d6, na mweupe akisukuma d4 ninamrudisha askofu b6. Akimtaka tena askari wake, basi amchukue, malkia wabadilishwe, naye abaki na askari waliotawanyika upande wa malkia. Wapenda mashambulizi huichukia sana hali hiyo, na mimi huipenda kwa sababu hiyohiyo.