"Si ulitaka isikike?" Huyu fundi sauti leo amenimaliza kabisa

Wakuu, jina silitaji, mnamjua. Yule wa "niachie mimi".

Nimemrekodi bibi yangu akisimulia, saa mbili nzima. Sauti yake ndogo, mara nyingi ananong'ona. Nikarekodi kwa biti 24 (rekodi yenye undani mwingi), vilele, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, vikiishia desibeli -10, kwa sababu bibi akicheka anacheka kweli, lazima umwachie nafasi. Kazi niliyompa fundi: pandisha minong'ono, tuliza vicheko, mwisho iwe -16 LUFS, kile kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla jinsi sikio linavyousikia. Basi!

Leo karudisha. Nafungua, natazama mchoro wa sauti, naona tofali. Mawimbi hakuna, ni tofali! Vilele vyote vimekatwa vichwa kwenye 0, mwisho wa kipimo. Bibi akinong'ona, feni inanguruma kama ndege inaruka. Akicheka, ni bati linaburutwa kwenye lami, nusura nitupe hedifoni ukutani. Namuuliza, ananijibu: "Si ulitaka isikike?"

SI ULITAKA ISIKIKE!!

Kizibo: Pole mkuu. Mimi alinipandishia mpaka pumzi. Mgeni wangu anasikika kama anapuliza moto.

Mzee wa Nyaya: Nawe ulimpa faili ukabaki mikono mitupu? Kilele kikishakatwa hakirudi, hata ushushe sauti utapata tofali dogo.

Mleta uzi: Nakala ninayo, mzee! Sijalilia nakala. Kicheko cha bibi yangu kimekuwa bati, halafu mtu ananiambia si ulitaka isikike?

Dada Spika: Afadhali wako anapandisha. Wangu anashusha! Naongeza simu mpaka mwisho, sisikii neno, halafu linaingia tangazo linaniamsha na majirani.

Kizibo: Matangazo! Hapo ndipo penye uchungu.

Tulia Kidogo: Ulaya watangazaji wana kiwango cha -23 LUFS tangu 2010, ili tangazo na kipindi vilingane.

Dada Spika: -23, ndogo kuliko hata -16, kwenye simu barabarani utasikia nini? Labda honi.

Tulia Kidogo: Dada, simu ina kitufe cha kuongeza. Tofali halina kitufe cha kulifumua.

Mleta uzi: Jamani, bibi yangu…

Mzee wa Nyaya: -23 ni ya runinga, msichanganye mambo. Anzisheni uzi wenu.

Mgeni Humu: Samahani wakuu, maiki nzuri ya kuanzia ni ipi?

Kizibo: Chumba chako kina mwangwi?