Ukoo wenye Waislamu na Wakristo: mazishi yanafanana wapi, yanaachana wapi?

Katibu_wa_Ukoo
Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Kamati ya ukoo wetu hapa Busoga, mashariki mwa Uganda, imeagizwa iandike taratibu za msiba, kurasa mbili tu, kila nyumba ipate nakala. Nusu yetu ni Waislamu, nusu ni Wakatoliki na watu wa Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, na Walokole, yaani waliookoka, nao wanaongezeka. Chama cha kuzikana ni kimoja, mfuko ni mmoja, ardhi ya makaburi ni ile ile. Tunaomba wanaojua watueleze: hatua zipi zifanywe pamoja bila kumkwaza mtu, zipi zitenganishwe, na kwa nini dini inataka hivyo. Mabishano ya nani ataingia peponi yatafutiwe uzi wake. Hapa tunataka vipimo.

Mwosha_Bombo
Wa aleikum salaam, Katibu. Anzeni na saa, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Maiti wa Kiislamu huharakishwa: aliyefariki alfajiri huzikwa baada ya Adhuhuri au Alasiri siku hiyo hiyo, aliyefariki usiku huzikwa kesho yake. Mwana aliye Dubai hangojewi. Kwa hiyo namba za simu ziwe zimeandikwa tangu sasa: mwosha wa kiume, mwosha wa kike, imamu, wachimbaji, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hospitali wakiuliza kama mwili utiwe dawa ya kuhifadhi, jibu ni hapana, labda kuwe na uchunguzi wa polisi au safari ndefu isiyokwepeka.

Kuosha kunahitaji jerikeni tatu hadi tano za lita 20, glavu, pamba, sabuni, kafuri, na majani ya mkunazi yakipatikana. Mwili unasitiriwa kuanzia kitovuni hadi magotini muda wote. Tumbo linabonyezwa taratibu, uchafu unaondolewa, maiti anatawadhishwa kama mtu anayekwenda kuswali, kisha anaoshwa kichwa, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Mara moja ndiyo faradhi. Sunna ni mara tatu, na uchafu ukiendelea kutoka zinaongezwa hadi tano au saba, ziishie witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Kafuri hutiwa kwenye maji ya mwisho. Wasiojua huimaliza kwenye maji ya kwanza, maji yanayofuata yakaiondoa yote. Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Mume na mke wanaruhusiwa kuoshana.

Sanda ya mwanamume ni vipande 3 vyeupe. Ya mwanamke ni 5, yaani shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio na shuka mbili za kufunika mwili mzima. Shuka kubwa izidi kimo cha maiti kwa sentimita 30 kichwani na 30 miguuni ili ifungike. Kwa mtu wa mita 1.70 hiyo ni mita 2.30 kila kipande, karibu mita 7 kwa mwanamume, mradi upana wa kitambaa ufike mita 1.50. Kitambaa cha sentimita 90 hakimzunguki mtu mzima. Itabidi kuunganisha mapana mawili, na mita 7 zinakuwa 14. Ukimtuma shemeji Mkristo dukani, mwandikie upana pia, si urefu peke yake.

Swala ya jeneza ni ya kusimama, takbira 4, haina rukuu wala sujudu: Fatiha baada ya takbira ya kwanza, kumswalia Mtume baada ya ya pili, dua ya maiti baada ya ya tatu, dua fupi na salamu baada ya ya nne. Haimalizi dakika kumi. Ndugu Wakristo wakae pembeni kwa utulivu, makaburini wanakaribishwa.

Katekista_Kamuli
Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Mkatoliki kazi inaanza kabla hajafa. Mgonjwa akizidiwa, padre aitwe kwa Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya mwisho. Kosa la kila mara ni kumwita padre mgonjwa akishakata roho: sakramenti ni za walio hai, kwa hiyo padre atasali sala za marehemu tu. Nyumba ya Kiislamu inayomuuguza ndugu Mkatoliki iliandike hili kwa herufi kubwa, kwa sababu wengi hudhani padre ni wa mazishi peke yake.

Akifariki, anaarifiwa katekista au mwenyekiti wa kigango, naye anapeleka habari kwa paroko. Saa ya kuzika haijafungwa na dini. Mkesha wa usiku mmoja au miwili ni desturi ya kungoja watu, si amri ya Kanisa, kwa hiyo pia unaweza kupunguzwa mfuko ukiwa mwembamba. Mwili unaoshwa na ndugu bila ibada maalumu, unavishwa nguo za marehemu, unaingizwa sandukuni. Kwenye Misa mshumaa wa Pasaka huwekwa karibu na sanduku, maji ya baraka hunyunyizwa kukumbusha ubatizo, ubani hufukizwa. Hotuba za wanasiasa ziwe nje ya Misa, tena ziwe na mwisho. Kwa Kanisa la Uganda mchungaji huongoza masomo, nyimbo na mahubiri, na kaburini udongo hurushwa kwa maneno ya "udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi".

Jambo moja husahaulika: mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo, ikiwa wazazi walikusudia abatizwe, anaweza kupewa mazishi ya Kanisa Katoliki kwa ruhusa ya askofu. Wazazi waulize, wasijikatie tamaa.

Mwalimu_Mbale
Katibu ameuliza sababu. Dini zote mbili zinafundisha kwamba wafu watafufuliwa na kuhukumiwa, na ndiyo maana mwili haufanywi takataka. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, ingawa vijijini kwetu hakuna anayelifikiria; Uislamu haukubali kabisa. Zote zinakiri kwamba Yesu, Isa bin Maryamu, alizaliwa na bikira. Zinaachana kwenye msalaba. Tumaini la Mkristo la kufufuka limesimama juu ya kifo na ufufuko wa Kristo, na Qurani katika 4:157 inakana kwamba Isa alisulubiwa. Kwa hiyo msalaba uliochapishwa kwenye ratiba ya mazishi ya Mwislamu si pambo, ni kauli. Vivyo hivyo, msiwaombe Wakristo wapandishe shahada kaburini eti kwa umoja. Ni kuwatamkisha imani isiyo yao.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Katika kumwombea marehemu, Mkatoliki yuko karibu na Mwislamu kuliko alivyo karibu na Mlokole. Mwislamu anaomba maiti asamehewe na kaburi lake lipanuliwe. Mkatoliki anatolea Misa kwa ajili ya roho za toharani, yaani zinazotakaswa, na Novemba 2 ameitenga kwa marehemu wote. Mlokole anasema hesabu imefungwa pumzi ilipokatika, basi yeye huwaombea waliobaki. Mkiandika "maombi ya pamoja kwa ajili ya marehemu", atakayenuna ni Mlokole, wakati nyote mnamtazama sheikh. Andikeni "maombi ya kuwafariji wafiwa". Hapo wote wanaitikia amina.

Hajati_Jikoni
Sasa mje jikoni, kwa sababu huko ndiko mfuko unakoliwa. Mchinjaji awe Mwislamu katika misiba yote, ya pande zote mbili. Wakatoliki na Waanglikana wengi hawana neno na hilo. Ataje jina la Mungu, akate koo la hewa, koo la chakula na mishipa miwili ya shingo kwa kisu kikali, aache damu itoke, asivunje shingo kabla mnyama hajafa. Msilichukulie kama maringo. Waislamu wa zamani wa Buganda walikataa nyama ya machinjio ya mfalme wao, Kabaka Mutesa I, na mwaka 1876 wengi waliuawa, miaka kumi hivi kabla ya mashahidi wa Kikristo wa Namugongo.

Wapo Walokole wanaokataa nyama iliyochinjwa kwa Bismillahi. Dawa yao ni sufuria ya maharage na mchuzi wa karanga, ambayo mngepika hata hivyo. Kadirieni mchele kilo 1 kwa watu 8, maharage makavu kilo 1 kwa watu 10 hadi 12. Nguruwe asikaribie jiko la pamoja, na sufuria za kukodi ziulizwe zilipikiwa nini, kwa sababu kwa madhehebu ya Shafii chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye kukodisha hatawaambia msipouliza.

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, au akiwa mjamzito hadi ajifungue. Hajipambi, wala halali usiku nje ya nyumba yake bila dharura. Vikao vya ukoo na sherehe ya kumsimika mrithi msiviweke mbali naye katika muda huo, halafu mkamwita mkaidi kwa kutofika. Mjane Mkristo hana muda uliopangwa na kanisa.

Katibu_wa_Ukoo
Asanteni sana. Yamebaki matatu. Makaburi ya ukoo yamepangwa mashariki kwa magharibi: Mwislamu anaingiaje hapo? Wazee wanataka kila marehemu afunikwe lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Na mtoto Mkristo wa baba Mwislamu anapata nini?

Mwosha_Bombo
Makaburi ya Waislamu yatengwe na ya wengine, ndiyo kanuni ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. Ardhi inaweza kuwa moja, lakini wekeni njia au ua wa miti katikati.

Kuhusu upande, wako wanaosema Makka iko mashariki. Si kweli kwa hapa kwetu. Kutoka kusini mwa Uganda kibla ni kaskazini, imeegemea mashariki kwa digrii 18 hivi. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea huko, kwa hiyo kichwa kinakuja upande wa mashariki, miguu magharibi. Desturi ya kale ya Wakristo ni kinyume: kichwa magharibi, ili akifufuka atazame mashariki. Basi mashimo yanakaribia kulingana, ila la Mwislamu linapinda kidogo na vichwa vinapishana. Ukitumia dira ya simu, simama mbali na magari, mabati na nondo, la sivyo itakudanganya.

Kina cha sunna ni kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu. Kisipungue kile kinachozuia harufu na mbwa. Mwanandani, yaani shimo la pembeni la kumlaza maiti, huchongwa chini, kwenye ukuta wa kibla, yaani wa kaskazini. Udongo mwekundu mgumu unaushika vizuri. Kwenye mchanga wa karibu na ziwa ukuta unaporomoka, basi chimbeni mfereji katikati ya sakafu ya kaburi. Zibeni kwa mbao au matofali mabichi kabla ya kufukia, udongo usimwangukie maiti. Tuta liinuke shibiri moja. Jiwe la alama kichwani linatosha; saruji na vigae hapana, kwa sababu Mtume alikataza kupaka na kujengea makaburi. Fedha ya saruji ibaki kwenye mfuko.

Lubugo lifunike jeneza njiani, liondolewe kabla ya kuteremsha. Likiingia kaburini, imamu atalitoa mbele ya watu, na hapo wazee wataona wametukanwa. Wakubaliane naye nyumbani.

Mwalimu_Mbale
La mirathi: kwa fikihi, asiye Mwislamu harithi kutoka kwa Mwislamu, wala Mwislamu kutoka kwake. Hilo halimfungi baba mikono. Anaweza kumwandikia mtoto huyo wasia, usizidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya gharama za mazishi na madeni. Pia anaweza kumpa shamba akiwa hai na mzima, akamkabidhi kweli na hati zikabadilishwa. Ahadi ya mdomo haisimami. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Mirathi ya Uganda haibagui mtoto kwa dini yake, na baba akifa bila wasia kesi huzaliwa hapo, mmoja akishika fikihi, mwingine sheria ya nchi. Wasia uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao hawamo kwenye mgawo, nakala moja ikae nje ya nyumba.