Shayiri ya Mama: Gumzo la Jamaa wa Langoni, Lamu

Bi Zuhura: Assalamu alaikum, jamaa. Nimeletewa shayiri kutoka Mombasa, na muuzaji ameniambia kwamba nikimnywesha Mama maji yake kila asubuhi, sukari itamwondoka. Naomba mnieleze kabla sijaiinjika.

Ami Salim: Waalaikum salaam. Bi Aisha, mkewe Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwake kwamba talbina, yaani uji mwepesi wa shayiri, humtuliza mgonjwa moyo na kumpunguzia huzuni. Lakini kwamba mgonjwa aache dawa za hospitali, hilo sijalisikia.

Mwanaisha: Shikamooni. Sukari haiondoki kwa shayiri, lakini faida ipo. Ndani yake mna nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo zikikutana na maji tumboni huwa ute kama wa bamia, zikachelewesha chakula kusagika, na hivyo sukari huingia katika damu polepole kuliko mtu alapo wali mweupe. Ute huohuo huishika nyongo na kutoka nayo chooni, nalo ini hulazimika kuchota lehemu, yaani kolesteroli, katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Ndiyo maana gramu 3 za beta-glukani kwa siku, zikidumishwa, huteremsha lehemu mbaya.

Bi Zuhura: Basi hayo maji nimpe au nisimpe?

Mwanaisha: Ukichemsha kisha ukachuja, Shangazi, sehemu kubwa ya faida utawatupia kuku. Iroweke usiku kucha, uipike kiasi cha saa nzima, umpe badala ya wali, si juu ya wali. Uji nao unafaa, ila asali iwe kidogo. Ikiwa ni ile nyeupe iliyokobolewa, wishwa wake umekwenda, lakini beta-glukani imo hata katika kiini, kwa hiyo usiitupe.

Athman: Na kijana wangu aliyekatazwa ngano kwa sababu ya gluteni, ile protini yake?

Mwanaisha: Asionje kabisa, kaka, shayiri nayo ina gluteni.

Bi Zuhura: Basi Ijumaa nitaisonga bokoboko kwa kuku, mahali pa ngano.

Mwanaisha: Vyema, samli ipunguze. Mpime Mama sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, uandike, na kwa kuwa anadungwa insulini, daktari aonyeshwe hesabu hizo kabla hamjaifanya shayiri chakula cha kila siku.

Bi Zuhura: Kipimo kiko kwa Athman. Nakiomba leo, kabla ya Magharibi.