Shamba likizalisha umeme, kijiji jirani kiuziwe kwanza? Tujadili

Mwanamkonge (mleta mada)
Wakuu, naomba tuijadili hoja hii bila kukimbilia vyama. Pale Hale, Tanga, Katani, kampuni ya mkonge, walijenga mtambo wa biogesi kwenye shamba la mkonge, nadhani 2007 au 2008, kwa msaada wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa. Anayejua mkonge anajua hesabu yake: jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kulichuna, singa (nyuzi) ni kama asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito. Kingine chote kilikuwa kinamwagwa kioze, kiharibu maji ya watu. Wao wakakitia kwenye matangi, kikatoa gesi, gesi ikaendesha jenereta.

Mufindi kuna mtambo wa Mwenga, megawati 4 za umeme wa maji tangu 2012. Mashamba ya chai yanapata, vijiji vinapata, ziada inauzwa TANESCO. Viwanda vya sukari vya TPC Moshi na Kilombero wanazalisha kwa kuchoma makapi ya miwa, TANWAT Njombe kwa kuchoma mabaki ya miti.

Hoja yangu: sheria ilazimishe kila shamba linalozalisha umeme kuuzia kaya za vijiji vinavyolizunguka kabla ya kupeleka hata yuniti moja kwenye gridi. Haiwezekani mtu avute moshi na harufu ya kiwanda halafu alale na kibatari. Nawasilisha.

Fundi_Gridi
Mkuu, hujawahi kujenga laini wewe. Gridi inapokea umeme usiku na mchana, kijiji kinautaka saa mbili tatu za jioni basi. Jenereta hulizimi saa nne usiku eti wateja wamelala. Na tuseme ukweli, mahitaji ya wanakijiji ni taa mbili na kuchaji simu. Benki gani itakopesha laini ya msongo wa kati kwa ajili ya taa mbili?

Binti_Mufindi
"Taa mbili na kuchaji simu." Kaka, umetukosea heshima, na nakuambia wazi.

Nguzo zilizobeba umeme wa nchi hii miaka yote zimetoka misitu ya Iringa na Njombe. Tumezikata sisi, tumezipakia sisi, zikapita mbele ya nyumba zetu za giza kwenda kusimamishwa mikoa mingine. Umeme ulipotufikia, mwenye mashine ya kusaga aliachana na dizeli. Kuna vijana wanachomelea mageti, kuna saluni, kuna mama anatotolesha vifaranga kwa mashine na kuuza hadi Mafinga. Zahanati inazalisha wajawazito usiku bila tochi ya simu mdomoni mwa nesi. Hizo ndizo taa zako mbili. Usitupimie matumizi ukiwa umekaa mjini.

Mzee_wa_Sao_Hill
Umenena binti yangu. Na kwa kuwa umegusa nguzo, niseme. Kuna kipindi nguzo zilikuwa zinaletwa kutoka Afrika Kusini huku zetu zimerundikana zinasubiri mteja. Watu walikuwa wamepanda mikaratusi kwa mkopo. Mpaka serikali ilipokataza. Hilo liliniuma kuliko hata giza.

Fundi_Gridi
Mzee shikamoo. Lakini nguzo zenu nazo tusizifiche. Zinakatwa changa, dawa haijaingia sawasawa, mchwa wanakula chini, mvua ya kwanza imelala barabarani na waya wake. Anayetukanwa ni fundi. Ndiyo maana wanahamia zege.

Mzee_wa_Sao_Hill
Marahaba. Mkata mti haweki dawa, mwanangu. Dawa inawekwa kiwandani na wenye vyeti vyao. Msitubebeshe makosa ya kiwanda.

Jembe_la_Kyela
Zege nayo ipelekwe na nani kwenye vilima vile masika? Lori la tani kumi halipandi. Nguzo ya mti watu wanaibeba begani.

Fundi_Gridi
Kwani trekta zimekwisha?

Mwanamkonge
Wakuu, tumeliacha shamba tumeingia kwenye nguzo. Turudi: kijiji kwanza au gridi kwanza?

Wa_Naivasha
Jirani wa Kenya hapa. Huku kwetu kuna Gorge Farm, shamba la mboga karibu na ziwa, lina mtambo wa biogesi wa zaidi ya megawati 2 unaotumia mabaki ya mazao. Ziada inaingia laini ya Kenya Power. Ikishaingia hapo, huwezi jua imewasha nyumba ya nani.

Ila mfano mnaofaa kuutazama ni wa chai. Viwanda vya KTDA, shirika la chai, ni vya wakulima wadogo wenyewe kwa hisa, na kule Nyeri wamejenga mtambo wa Gura, kama megawati 5.8, maji ya mto. Kiwanda kikipunguza bili ya stima, hesabu inaonekana kwa bonasi ya mkulima. Hapo hakuna haja ya kulazimisha mtu. Nyinyi huko mnangoja serikali ilazimishe kila kitu.

Jembe_la_Kyela
"Mnangoja serikali." Jirani, tuheshimiane. Hiyo bonasi ya chai kila mwaka tunasikia wakulima wenu wakiandamana kwa sababu yake.

Wa_Naivasha
Wanaandamana kwa sababu ni yao. Mtu huandamania chake.

Mjukuu_wa_Manamba
Kinachonikera ni neno "kuuziwa". Hindorf, mtaalamu wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge 1893, Mjerumani akachukua bonde zima. 1967 mashamba yakataifishwa, baadaye yakabinafsishwa. Katika safari yote hiyo kijiji changu kimebanwa katikati ya mistari ya mkonge, hakina hata pa kuzikia. Babu yangu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Leo jani lile lile linatoa umeme halafu mnajadili mimi nisimame foleni namba ngapi kuununua?

Hesabu_Hazidanganyi
Ndugu, pole kwa ya babu. Lakini bure ndiyo inayoua hii miradi. 2020 waziri wa nishati aliagiza wazalishaji wadogo wa umeme wauze yuniti shilingi 100 kama TANESCO vijijini, wakati wengine walikuwa wanatoza zaidi ya 1,000. Mwananchi alishangilia na ninamwelewa, 1,000 kwa yuniti ni maumivu. Ila pengo lile TANESCO ina mgongo wa kulibeba, mwekezaji wa kijijini hana.

Hata ile 27,000 ya kuunganishwa kijijini si gharama halisi, nyingine inalipwa na REA, wakala wa umeme vijijini. Kwa hiyo mimi nakubali kijiji kiwe cha kwanza, kwa sharti moja: laini ijengwe na REA, shamba lizalishe tu. Ukilibebesha shamba vyote viwili halitajenga mtambo kabisa, litaendelea kumwaga mabaki mtoni.

Mjukuu_wa_Manamba
Nani ametaja bure? Soma tena. Ukiona mtu wa kambi za shamba anadai haki unasikia "bure". Mama yangu analipa LUKU kila wiki kuliko watu wengi humu.

Hesabu_Hazidanganyi
Umesema kuuziwa kunakukera. Kinyume cha kuuziwa ni nini?

Mjukuu_wa_Manamba
Kinyume chake ni kumiliki! Huyo wa Naivasha kaeleza vizuri kabisa mkampita mkashika bonasi.

Mama_wa_Handeni
Mnaongelea taa, sisi tunapikia kuni. Mkakati wa taifa wa 2024 unasema ifikapo 2034 asilimia 80 tupike kwa nishati safi. Gesi ya mkonge kwa nini iishe yote kwenye jenereta? Ijazwe kwenye mitungi, iletwe majikoni.

Jembe_la_Kyela
Mama, ile gesi ya vitu vilivyooza chakula si kitanuka?

Mama_wa_Handeni
Hainuki ikiwaka. Dada yangu Arusha amejengewa mtambo wa kinyesi cha ng'ombe chini ya mpango wa CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, nimekula wali wa jiko lile. Unaogopa kitu ambacho hujawahi kukionja.

Fundi_Gridi
Kujaza kwenye mitungi ni kazi nyingine. Lazima kwanza uisafishe uitoe kaboni dioksidi, halafu uibane kwa presha kubwa. Bora bomba fupi kwa kambi zilizo jirani na mtambo.

Binti_Mufindi
Sasa unaongea kama fundi. Na zile taa mbili?

Fundi_Gridi
Dada, nilisema kuhusu benki.

Mjukuu_wa_Manamba
Nina swali na nataka jibu la moja kwa moja. Sisi wakulima wadogo tunapanda mkonge wetu, majani tunayapeleka kwenye korona ya mwenye kiwanda. Singa tunalipwa. Ule uchafu unaobaki, unaotoa gesi, ni wa nani?

Hesabu_Hazidanganyi
Inategemea mkataba wenu wa usindikaji umeandikwaje. Kama unataja singa peke yake, mmeshapoteza. Unao?

Mjukuu_wa_Manamba
AMCOS, chama chetu cha ushirika, inao. Kesho namfuata katibu, nikiupata naupiga picha nauweka hapa.